Dakika Tisa za Kisyombe

Sekela Mwandemele alisimama mlangoni mwa kibanda cha fundi cherehani kwa muda kabla hajaonekana. Mwenye kibanda, Bi Atuganile Kajuni, alikuwa ameinamia mashine iliyofunguliwa tumbo, skrubu tatu ameziuma midomoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Alizitema skrubu kiganjani. "Kama umeleta cherehani iweke pale. Foleni ni siku nne."

"Sikuleta cherehani, mama. Nimeleta hii."

Akaweka mezani rundo la karatasi zilizopigwa chapa pande zote mbili. Mistari elfu tatu mia moja na kumi na miwili, kila mmoja na namba yake pembeni. Bi Atuganile alifuta mikono kwa kitambaa chenye grisi, akavuta karatasi ya juu, akaisogeza mbali na macho kama wafanyavyo watu wa umri wake. Midomo ilianza kucheza polepole. Sekela alitambua kwamba mwanamke huyu alikuwa anasoma kweli, si kutazama.

"Hii ni Kauli, lugha yetu ya zamani ya programu," alisema Bi Atuganile. "Nani amekupa?"

"Ni programu ya king'ora cha ziwani. Natakiwa kuitolea Tamko la Nia, mstari kwa mstari."

"Si mna Mtunzi, mashine inayoandika programu zote siku hizi? Mwambieni Mtunzi aisome."

"Amekataa. Programu ambayo nia yake haijasajiliwa haigusi, asije akalaumiwa kwa makusudi ya mtu mwingine. Mpaka binadamu aisome yote, aseme kila mstari uliandikwa kwa ajili gani, na atie saini. Hapo ndipo ataandika mpya. Mwisho wa mwezi ya zamani inazimwa, iwe imetamkwa au haijatamkwa."

"Na wewe ni mwanaprogramu?"

Neno hilo Sekela alikuwa amelisikia shuleni tu, kwenye somo la historia, pamoja na mpiga chapa na mwendesha lifti. "Mimi ni mkemia. Nachunguza hewa za volkano. Wamenipa mimi kwa sababu kituoni nipo peke yangu."

"Na kwangu nani kakuelekeza?"

"Ofisi ya wilaya. Wanaojua Kauli mmebaki wawili. Mwenzako amepooza."

Bi Atuganile akairudisha karatasi juu ya rundo na kuliweka sawa kingo zake kwa viganja viwili, taratibu. "Sikusomei," alisema. "Nikikusomea utatia saini kwa macho yangu. Nitakufundisha. Njoo kesho saa kumi, na daftari. Usije na kitu kinachoongea."

*

Sekela alidhani lugha yenye maneno ya Kiswahili ingekuwa nyepesi. *Kama, basi, rudia, mpaka, weka*: mtoto gani asiyeyajua? Siku ya kwanza alikwama kwenye mstari wa nne.

"*Weka idadi = idadi + 1*," alisoma. "Mama, hii haiwezekani. Hakuna namba iliyo sawa na yenyewe ukijumlisha moja."

"Nani amesema ni sawa?"

"Si kuna alama ya sawasawa?"

"Hiyo ni hesabu yenu ya shule, inayosema mambo yalivyo. Hapa hatusemi mambo yalivyo, hapa tunaamrisha. Chukua kilichomo kwenye kikapu kiitwacho idadi, ongeza kimoja, rudisha kikapuni. Umewahi kuhesabu mayai?"

"Nimewahi."

"Basi umeshaandika mstari huo maelfu ya mara."

Wiki ya kwanza ilikwenda hivyo. Asubuhi Sekela alipanda kituoni, ukingoni mwa bakuli la volkano ambalo Ziwa Kisyombe limelijaza, akapima hewa na joto la maji kama alivyofanya kwa miaka sita. Alasiri alishuka mjini Lugombo, akaketi kwenye kigoda kati ya cherehani mbovu, mbele ya kompyuta ya zamani ambayo Bi Atuganile aliifunika kwa kitambaa cha meza. Alifundishwa kama anavyofundishwa mshonaji: shona, fumua, shona tena.

Siku ya tisa aliandika programu yake ya kwanza yenye manufaa, ya kutafuta wastani wa vipimo vyake vya mwezi mzima. Ilikwenda bila kulalamika hata neno. Ikatoa jibu: nne nukta moja. Sekela alipiga makofi.

"Umehakikisha?" aliuliza Bi Atuganile bila kuinua kichwa.

"Haikuleta kosa lolote."

"Nimekuuliza umehakikisha."

Alichukua kalamu akajumlisha kwa mkono. Nne nukta tisa. Akarudia, ikawa ile ile. Alihangaika kwa saa nzima ndipo alipogundua kwamba Kauli huanza kuhesabu kwenye sifuri, yeye alianzia moja, na kipimo cha kwanza, kikubwa kuliko vyote, kilikuwa kimeachwa nje ya mlango.

"Programu inayoanguka si hatari," alisema mwalimu wake. "Inayoanguka unaiona. Ogopa inayotembea vizuri kuelekea kusiko."

Sekela aliandika maneno hayo daftarini. Alikuwa amesoma kemia kwa miaka minane bila mwalimu yeyote kumwambia kwamba jibu linaweza kutoka likiwa limevaa vizuri na bado likawa la uongo. Tangu utoto wake mashine ziliulizwa na zilijibu, na watu walipokea. Sasa alijikuta usiku akitazama namba za Mtunzi kwa jicho jingine, akijiuliza ni kipimo gani kimeachwa nje.

*

Mstari wa 1847 aliufikia siku ya kumi na saba, akiwa kituoni, mchana kweupe.

Programu nzima alikuwa ameshaielewa, angalau mifupa yake. Kulikuwa na vihisi vitano, vijisanduku vya kunusa hewa vilivyopandwa kuzunguka ziwa. Chini kabisa ya Kisyombe, hewa ukaa imekandamizwa na uzito wa maji kama ilivyo ndani ya chupa ya soda, na mabomba marefu huinyonya kidogo kidogo na kuirusha juu pamoja na maji. Siku ziwa likitikiswa, chupa inafunguka. Hewa hiyo ni nzito na baridi, haina rangi, inashuka bondeni kama maji yashukavyo, na palipo na hewa hiyo hapana pumzi. Kazi ya programu ilikuwa kunusa na kupiga king'ora kilichosimama mlimani, ambacho kinasikika bonde zima.

Karatasi zote za serikali zilisema king'ora kinalia papo hapo. Programu ilisema hivi:

*1846 kama vihisi_vyenye_hewa >= 3 basi*
*1847 subiri dakika 9*
*1848 kama bado vihisi_vyenye_hewa >= 3 basi*

Vihisi vitatu au zaidi vikinusa hewa, subiri dakika tisa, kisha angalia tena. Alisoma mara tatu. Alidhani amekosea kama alivyokosea kwenye wastani. Akafungua kompyuta ya kituo, akatengeneza nakala ya programu pembeni, akailisha vipimo vya kubuni vya ziwa kulipuka. Akashika saa. Dakika ya tisa, nakala ikaandika: *king'ora*.

Sekela hakuhitaji Kauli kwa hesabu iliyofuata, maana hiyo ilikuwa fani yake. Kutoka ziwani hadi Kalambwe, kitongoji cha chini kabisa bondeni, hewa ukaa ingeshuka kwa dakika kumi na nne. Kutoka Kalambwe kupanda hadi mgongo wa kilima, mtu mwenye mtoto mgongoni hutumia dakika kumi na moja; aliwahi kupanda mwenyewe na mzigo ili apime. Kumi na moja ndani ya kumi na nne, watu wanafika wakihema. Ongeza tisa, hawafiki.

Kalambwe palikuwa na watu mia sita na kumi na wawili. Walihamia pale kwa sababu udongo wa bonde una joto, na nyanya hukomaa hata msimu wa baridi.

Alishuka mjini bila kungoja saa kumi.

Bi Atuganile alikuwa anatia mafuta gurudumu la cherehani. Sekela akaiweka karatasi mbele yake, kidole juu ya mstari. Yule mama hakuisogeza mbali ili asome. Hakuitazama kabisa.

"Umechukua siku kumi na saba," alisema. "Nilikukadiria ishirini."

"Ulijua upo?"

"Niliuandika."

Mtaani mtu alikuwa anagonga bati kwa nyundo.

"Ulikuwa Alhamisi, siku ya gulio," alianza Bi Atuganile. "Mwaka huu ni wa ishirini na mbili. Vihisi vile huliwa na tindikali ya ziwa. Vitatu viliharibika wakati mmoja vikanusa hewa isiyokuwepo. King'ora kikalia. Gulio zima likakimbilia darajani, maana njia ya kwenda juu ni hiyo moja. Walikanyagana, wakafa kumi na saba, mwanangu. Hewa haikutoka hata pumzi moja. Niliwaona walivyolazwa ukingoni mwa mto wakiwa na vikapu vyao. Programu ile tuliandika wanne, lakini sehemu ya king'ora ilikuwa yangu."

"Ukaongeza dakika tisa."

"Niliomba vihisi vipya, sikujibiwa. Niliomba kibali cha kubadili programu, nikaambiwa mtambo ni mzima. Kosa la vihisi huwa halizidi dakika nane. Nilifuatilia kumbukumbu za miaka mitano nikaliona. Nikaandika mstari mmoja. Tangu siku ile vimeharibika mara sita na king'ora hakijalia bure hata mara moja. Hesabu mwenyewe madaraja sita."

"Na Kalambwe?"

"Kalambwe palikuwa na matete na vyura!" Sauti ilimpanda, kisha ikashuka. "Hapakuwa na mtu. Hewa ingefika mjini kwa dakika arobaini. Dakika tisa hazikumdhuru mtu. Nilipima. Watu walipoanza kuhamia bondeni mimi nilikuwa nimeshaachishwa kazi, Mtunzi ameingia, na wa kumwambia hayupo. Ningesema nini? Kwamba nilichezea king'ora cha umma? Ni kifungo cha miaka saba. Nikawa napita njia ya juu nisiyaone mabati yao."

Sekela akaketi kwenye kigoda chake. Alitafuta hasira akaipata, lakini haikuwa na mahali pa kukaa.

"Unaweza kutamka kwamba mstari huo hauna nia," alisema Bi Atuganile kwa sauti ya kazi, kama anaelekeza mshono. "Mtunzi ataufuta, king'ora kitalia papo hapo, na vihisi vikiharibika watu watakanyagana. Au tamka nia yake ya kweli, naye ataulinda. Mimi nimeishi nao miaka ishirini na mbili. Sasa ni wako."

*

Kesho yake Sekela alizungumza kwa simu na Bwana Edgar Nandonde, mkaguzi wa Mamlaka ya Mitambo. Alimuuliza, bila kutaja jina la mtu, Mtunzi angefanya nini na subira ya namna hiyo.

"Angepima watu dhidi ya watu," alijibu Nandonde. "Lugombo ni elfu nane. Chini yake, huko unakosema, ninaona sifuri."

"Wapo mia sita na kumi na wawili. Nimewahesabu mlango kwa mlango."

"Hawajasajiliwa, Daktari. Pale si makazi, ni hifadhi ya bonde. Mtunzi huhesabu waliosajiliwa."

"Na kuwasajili?"

"Mwaka, mwaka na nusu. Wewe tamka unachokisoma. Hukuandika wewe."

Alipokata simu alijaribu kuandika tamko mara nne. Alifuta mara nne. Akashuka Kalambwe kumtafuta mwenyekiti wao, Subilaga, mwanamke mwembamba mwenye mabanda matatu ya nyanya, akamweleza yote isipokuwa jina la mwandishi. Subilaga alisikiliza huku akifunga mche kwenye kijiti.

"Kwa hiyo siku zote tunalala juu ya king'ora kinachotusubiri tufe," alisema.

"Nataka kujua ninyi mnatakaje."

"Unauliza mtu anayezama anatakaje? Kilie." Akakaza fundo. "Ila mama yangu mzazi alikufa pale darajani, dada. Ukienda kuwauliza watu wa mjini nao watakujibu, na watakuwa na haki. Usituzungushe kama mpira. Wewe ndiye umesoma hiyo karatasi."

*

Zilikuwa zimebaki siku tano za mwezi. Mvua ya baridi ilinyesha siku tatu mfululizo, na Alhamisi ikaanuka, hewa ikatulia kabisa, bila upepo. Sekela alikuwa peke yake kituoni. Saa nane na dakika arobaini na moja mchana alisikia mlio kama lori la mchanga linalomwagwa, akatoka, akaona kipande cha ukuta wa bakuli kikiteleza na miti yake kuingia ziwani.

Alirudi ndani mbio. Kihisi cha pili kilipanda. Dakika moja baadaye cha nne kikafuata. Cha kwanza, cha tatu na cha tano vilikuwa vimelala. Viwili tu, programu haikuwa hata imeanza kusubiri.

Alitazama mabomba. Maji yaliyokuwa yakiruka mita sita juu ya ziwa yalikuwa yanaruka kumi na tano, na katikati ya ziwa maji yalibadilika rangi yakawa ya kutu, rangi ya maji ya chini yanapopanda juu. Joto la uso lilishuka nyuzi mbili. Hayo vihisi havikuyajua, maana hakuna aliyeyaandika. Mkemia aliyajua.

Alipiga simu ya Subilaga. Iliita mpaka ikakata. Alipiga tena. Chini ya ukingo, mabati ya Kalambwe yaling'aa kwa jua. Upande wa pili, mbali kidogo, alisikia gulio la Lugombo likivuma kama nyuki: watu, vipaza sauti, daraja moja.

Angeweza kusubiri kihisi cha tatu, kisha dakika tisa, na lolote litakalotokea lingekuwa la mstari wa mtu mwingine. Alilifikiria hilo. Baadaye, alipoulizwa mbele ya baraza la uchunguzi, alikiri kwamba alilifikiria, na kwamba lilimchukua kama pumzi tatu.

Akavuta kibodi. Kuandika amri kwa mkono kwenye mtambo wa umma kulikuwa kosa hata kama amri yenyewe ni ya heri.

*liza king'ora sasa hivi*

*Sielewi "hivi"*, ilijibu Kauli.

Alitukana, tusi ambalo hakuwahi kulitoa mbele za watu, akafuta.

*liza king'ora sasa*

Mlima wote ukalia.

Ilikuwa saa nane na arobaini na sita. Kihisi cha tatu kiliamka dakika mbili baadaye. Kwa subira ya dakika tisa king'ora kingelia karibu saa tisa kasoro tatu. Kufikia muda huo Sekela, akiwa na barakoa yake na mtungi wa hewa, aliona kupitia darubini ukungu mwembamba wa baridi ukiingia kwenye njia ya kwanza ya Kalambwe. Kuku walianguka kwanza. Kisha mbwa mmoja akazunguka, akazunguka, akalala. Juu ya mgongo wa kilima watu walikuwa bado wanafika, wengine wakiburuzana, Subilaga wa mwisho akiwa amembeba bibi mmoja kama gunia. Walijihesabu hapo hapo. Mia sita na kumi na wawili.

Hewa ilikaa bondeni mpaka upepo wa jioni ulipoitawanya. Mjini haikufika.

Darajani walivunjika mbavu na mikono watu kumi na mmoja. Na mmoja alikufa: Mzee Andambike, mtengeneza miavuli, miaka sitini na mitatu, aliyerudi kuokota sanduku lake la vifaa.

*

Bwana Nandonde alifika mwenyewe siku iliyofuata, viatu vimejaa tope. Alizunguka kituo, akasifu, akakaa. Kisha akashusha sauti.

"Daktari, nimeambiwa kumbukumbu za mtambo huu zimeandikwa kwa Kauli. Hakuna mtu ofisini anayeweza kuzisoma. Kama ingekuwa king'ora kilijiliza chenyewe, kama kilivyopaswa, basi ni mtambo uliofanya kazi, na yule marehemu ni ajali. Hakuna kesi. Nafuta, natia saini, tunaanza upya."

Sekela alikuwa hajalala. Jambo alilokuwa akiambiwa lilikuwa jepesi, na mtu aliyemwambia alimaanisha wema. Akafungua kinywa, na kabla hajasema, mlango uliokuwa wazi nusu ulisukumwa. Bi Atuganile aliingia akiwa amevaa kitenge kipya na viatu vya kanisani, amepanda mlima wote kwa miguu.

"Mimi ndivyo nilivyojiambia," alisema. "Kwamba hakuna atakayesoma."

"Mama huyu ni nani?" aliuliza Nandonde.

"Mwandishi," alijibu Sekela. Akampa kiti.

Walifungua Tamko la Nia pamoja. Sauti ya Mtunzi ilikuwa ya upole, haikuwa na haraka. *Mstari wa 1847. Nia?*

"Asife mtu bure," alisema Bi Atuganile. "Andika hivyo. Halafu andika kwamba nilipoandika, bondeni hapakuwa na watu, na walipokuja nilinyamaza. Jina: Atuganile Kajuni. Mstari huo naufuta mwenyewe. Watu wa bondeni wahesabiwe kwanza, na vihisi viwe vipya, ndipo mtu afikirie kuongeza subira nyingine."

*Mwandishi yu hai na ametamka. Imepokelewa,* ilisema sauti. *Kuna amri moja iliyoandikwa kwa mkono, jana, saa nane na dakika arobaini na sita. Nia?*

Nandonde alitazama dirishani.

"Nilitaka watu wa Kalambwe wapande kabla hewa haijashuka," alisema Sekela. "Nilijua ni siku ya gulio. Nilijua habari za daraja. Jina: Sekela Mwandemele."

Alisimamishwa kazi siku hiyo hiyo, kungoja baraza. Bi Atuganile alipewa tarehe yake ya mahakama na kuruhusiwa kurudi kwenye cherehani zake mpaka siku hiyo. Walishuka mlima pamoja, polepole kwa sababu ya viatu vile.

"Kalambwe wameandikishwa asubuhi ya leo," alisema Sekela. "Nandonde ameniambia alipokuwa anaondoka. Haikuchukua mwaka."

"Waliona aibu," alisema Bi Atuganile. "Aibu nayo hufanya kazi."

*

Msiba wa Mzee Andambike ulikuwa nyumbani kwake, nyuma ya soko. Sekela alivua viatu, akajifunga khanga, akaingia kwa wanawake. Minong'ono ilikoma. Mjane, Mama Tupokigwe, alikuwa ameketi kwenye mkeka ameegemea ukuta, miguu amenyoosha.

"Pole sana, mama."

"Ni wewe uliyekipiga?"

"Ni mimi."

Mmoja wa wanawake alianza kuinuka, uso umebadilika. Mjane akamzuia kwa kiganja.

"Wanasema hukubonyeza kitufe. Wanasema uliandika."

"Ndiyo, mama. Niliandika."

"Mimi sikwenda shule. Niambie uliandika nini."

Angeweza kueleza vihisi, hewa, dakika kumi na nne. Hakuulizwa hayo.

"Niliandika: *liza king'ora sasa*."

"Hivyo tu?"

"Hivyo tu."

Mama Tupokigwe aliyarudia maneno yale matatu kimoyomoyo. Midomo ilionekana ikitembea. "Liza," alisema hatimaye. "Neno lenyewe limekaa vizuri." Machozi yalimtiririka, hakuyafuta. "Na wale wa huko chini, walitoka wote?"

"Wote, mama."

"Na watoto?"

"Na watoto."

Mjane akakunja miguu yake, akasogea kidogo ukutani, pakapatikana nafasi kwenye mkeka.

"Kaa," alisema.

Sekela akaketi.